Laini ya siriali inajikokota, nimeongeza bandwidth lakini wapi! Msaada wakuu

Kijana wa Kihonda: Wakuu, salaam. Nina ruta tatu za Cisco, A, B na C, zimeungana pembetatu kwa kebo za siriali, zinaendesha OSPF (itifaki ya kuchagua njia yenye gharama ndogo). Faili la MB 5 kutoka A kwenda C linachukua dakika 11. Nimeongeza bandwidth, hakuna kitu. Jumatatu kuna mkaguzi, usingizi sina. Ni kebo?

Babu Swichi: Kebo hiyo. Tabora nilihangaika siku mbili, kumbe pini moja ya plagi ya V.35 imelala. Kagua pini.

Mama Neti: Mdogo wangu, umeongeza hadi ngapi? Kwenye A andika `show controllers serial 0/0/0`, utuletee inachosema.

Kijana wa Kihonda: Inasema DCE (upande wa kebo unaotoa mapigo ya saa) V.35, clock rate 64000. Laini za kupitia B ni 2000000. Clock rate niliikuta, sijaigusa. Bandwidth ya A–C nimeweka 64000, zifanane. Nadhani niko sahihi, na mkubwa wangu nimeshamwambia laini imepanda.

Mzee wa Busara: Unatangaza kabla ya kupima? Vijana, haraka itawaponza.

Mama Neti: Tatizo ni hilo. Clock rate ni biti kwa sekunde, bandwidth ni kilobiti. Laini ya kilobiti 64 umeiambia OSPF ni megabiti 64! Na bandwidth ni namba ya kuhesabia njia tu, haisukumi hata biti moja. Mwendo unatoka upande wa DCE, kwenye clock rate. OSPF inagawa milioni 100 kwa bandwidth iliyogeuzwa kuwa biti, gharama ikashuka hadi 1, mzigo wote ukaingia njia mbovu. Hata ungeacha 1544 ya kiwandani, gharama ya A–C ingekuwa 64 na kupitia B 128. Bado ungepita kubaya.

Mpinzani: Chai hii. Kilobiti 64 leo? Namba zimepangwa kama za mtihani. Weka picha.

Kijana wa Kihonda: [picha] Si chai. Ona lebo ya kebo, imechanika imebaki "CE", nimeizungushia soletepu. Ni maabara ya chuo, mimi msaidizi wa pale. Sikusema mapema, niliogopa mtaniambia nikamuulize mwalimu.

Mpinzani: Si ndiyo kazi ya shule hiyo? Tusimfanyie.

Mama Neti: Ruta zipo, kebo ipo, tatizo lipo. Weka `bandwidth 64` pande zote mbili, A na C, maana kila ruta inahesabu gharama ya kutokea kwake. Gharama itakuwa 1562, trafiki itahamia B. Ukitaka A–C yenyewe ikimbie, panda clock rate kwenye DCE kadi ikikubali, kisha bandwidth uiandike kwa kilobiti.

Kijana wa Kihonda: Nimeweka. Traceroute (amri ya kuonyesha njia) inapita B, faili sekunde 24! Asante sana dada. Mkubwa nitamwambia ukweli kesho, kabla mkaguzi hajafika.

Babu Swichi: Na pini umekagua?