Tupeane uzoefu: binti akishavunja ungo, michezo basi?

Mama Mapacha: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Mwaka jana tu nilikuwa namwita mpaka sauti inakauka aache rede aje aoge. Siku hizi akitoka shule ni kitandani moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linasema umri huu unahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Nikimsema ananuna. Mliopitia haya mlifanyaje?

Ticha wa Netiboli: Mama, usimseme kwanza. Nilikuwa na mlinzi mzuri sana, akaanza kukosa mazoezi, kila siku kichwa kinauma. Nikamfokea mbele ya wenzake, na hilo najutia mpaka leo. Kumbe hakuwa na sidiria, na wavulana walikuwa wanajipanga pembeni ya uwanja kumcheka akiruka. Matroni ndiye aliyeniambia. Tukahamishia mazoezi Jumamosi asubuhi, wasichana peke yao. Chumbani kwa matroni tukaweka boksi lenye pedi na taiti nyeusi, anayehitaji anachukua, haulizwi. Wiki ya tatu nikamwona anafunga kamba za raba. UMISSETA iliyofuata, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, alicheza.

Binti Tanga: Mimi baba alinikataza mpira kwa sababu ya bukta. Shangazi akanishonea suruali pana, akaninunulia fulana ya mikono mirefu, akampelekea baba aishike mwenyewe. Akanyamaza, kisha akasema, "Urudi kabla ya magharibi." Hijabu FIFA waliiruhusu rasmi tangu 2014, kwa hiyo asidanganywe mtu.

Baba wa Watatu: Kwangu kosa lilikuwa letu wazazi. Kaka mtu akitoka shule anabeba mpira, dada anabeba ndoo. Sasa Jumanne na Alhamisi kaka anachota maji na kusonga ugali. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo kule India 2022, binti alinambia, "Baba, na wale walikuwa wanaachiwa muda."

Mama Mapacha: Asanteni sana. Jana nilikaa naye jikoni, nikamuuliza taratibu. Anaogopa pedi itahama akikimbia, na jasho limnukie darasani. Miezi yote hiyo alikuwa amelibeba peke yake, roho imeniuma. Jumamosi tunaenda sokoni wote. Ticha, hizo taiti mlichukua za kitambaa gani?