Nimeangukia Austria, Urusi na Uturuki ni kitu kimoja, naanzaje?

KijanaMkunazini
Asalaam alaykum. Jumamosi tunacheza Diplomacy kwetu, ule mchezo wa ramani ya Ulaya ambao kila mtu anashika dola moja na kuandika amri za majeshi na meli zake, watu saba kamili, kura tushapiga na mie nimeangukia Austria. Tabu ni hao waliopata Urusi na Uturuki, mtu na shemegi yake, wanakuja na boti moja kutoka Pemba na kila mchezo wanakwenda pamoja, hawageukani hata uwalishe nini. Mie nina jeshi Vienna, jeshi Budapest na meli moja Trieste, basi. Amri za mwanzo wa 1901, mwaka wa kwanza wa mchezo, niandike vipi?

BiChukwani
Budapest iende Serbia, hapo hapana mjadala. Vienna itie Galicia, si lazima uipate, Mrusi akiandika Warsaw kwenda Galicia mnagongana nguvu sawa na kila mtu anabaki kwake, ushamzuia. Ukimwachia akiingia pale anazigusa Vienna na Budapest kwa pamoja na jeshi lako moja lishakwenda Serbia, utalinda ipi? Meli iache Trieste, Mtaliana simwamini.

Ngalawa77
Bibie sawa lakini mchezo huu hauna dadu, unachezwa kwa mdomo kwanza. Mfuate Mtaliana leo leo. Jeshi la Venice asilisogeze, la Roma alipeleke Apulia, meli ya Naples itoke Bahari ya Ionia, awamu ya pili ya mwaka huo avushe jeshi kwa meli hiyo mpaka Tunis apate kituo chake, maana kila kituo unachoongeza kinakupa jeshi au meli mpya. 1902 meli ya mbele inaingia Mediterania ya Mashariki, mpya aliyojenga Naples inashika Ionia, halafu lile jeshi la Tunis linavushwa mpaka Syria, mgongoni mwa Mturuki. Wachezaji wanaiita Lepanto. Na mwambie wazi, wewe ukifa wale wawili wanaofuata kumla ni yeye.

KijanaMkunazini
Mtaliana ni ami yangu, tamaa anayo ila hesabu anajua. Sasa nitajuaje kama kweli wale wameshaungana au mie nawadhania tu?

Ngalawa77
Tazama Bahari Nyeusi. Wasioaminiana, meli ya Mrusi ya Sevastopol na ya Mturuki ya Ankara zote zinaitaka na zinagongana. Ukiona iko tupu, meli ya Sevastopol imeshuka Rumania na ya Ankara imehamia Constantinople, yakhe washakubaliana hao. Ila wakigongana usishangilie upesi, wengine wanapanga makusudi wakuzuge.

BiChukwani
Na Mjerumani je? Mbona mmemsahau? Meli yake ya Kiel iende Denmark, awamu ya pili aitie Sweden agongane na meli ya Mrusi, Mrusi akose kituo huko kaskazini. Mjerumani hapotezi kitu na Mrusi anajenga pungufu, majeshi ya kukujia wewe yanapungua. Hiyo kwangu mie ina faida kuliko Lepanto yenu, Lepanto inachukua miaka miwili ya mchezo na Mrusi akiwa na haraka hakusubiri.

Ngalawa77
Hapo nakubali, afanye zote mbili. Mjerumani nani hapo kwenu?

KijanaMkunazini
Fundi skuta wa Darajani. Kesho namfuata na urojo.