Bondi walirudisha kilomita nyuma, gereji wakaua giaboksi: mnunuzi wa gari Uganda analindwa na nani?

Salaam kwenu nyote. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika siyo kawaida yangu. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii nimelala nayo na kuamka nayo miezi minne sasa.

Mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Bombo. Harusi, arubaini, maulidi, mahafali, ukiniita nakuja na sufuria zangu na wasichana wangu wanne. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nakodi pikapu za watu, na kila Jumamosi dereva ananipandishia bei kwa kuwa anajua sina njia nyingine. Nikaweka akiba kwenye sako yetu ya akina mama, nikakopa juu yake, nikaenda Kampala kununua gari langu. Nilitaka Toyota Noah. Viti vya nyuma vinakunjwa, mlango ni wa kusukuma, na sufuria kubwa ya pilau inaingia bila kuinamishwa.

Bondi ile siitaji jina, kwa sababu kesi naipeleka mbele. (Wenzetu wa Kenya na Tanzania mnaziita yadi. Ni yale maegesho ambako magari yaliyotoka Japani yanakaa yakisubiri mnunuzi na kodi.) Kijana alinipokea kwa heshima zote. "Karibu mama, keti hapa kivulini." Soda ikaletwa. Gari la mwaka 2010, rangi ya fedha, linameta. Kwenye dashibodi kilomita 78,214. "Mama, hili lilikuwa la mzee mstaafu kule Japani, sokoni na nyumbani tu. Halijawahi kulala gereji." Bei milioni 43. Nikalipa kianzio milioni 28, iliyobaki kwa miezi kumi, logibuku (kadi ya umiliki wa gari) ikabaki kwao mpaka nimalize.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Karibu wote unaeleza watakavyonifanya mimi nikichelewa kulipa: siku ngapi, faini gani, nani atagharamia kulivuta gari. Kuhusu hali ya gari kuna mstari mmoja tu: mnunuzi ameliona gari, amelikagua na ameridhika. Kilomita hazikuandikwa popote. Nikatia saini.

Wiki ya sita gari likaanza kusita. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linafikiri kwanza ndipo linakwenda. Nikalipeleka gereji moja hapa kwenye barabara ya Bombo, gereji yenye bango kubwa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Wakaniambia ni oili ya giaboksi, imechoka, na pampu ya maji nayo inavuja. Wakafanya kazi siku mbili. Nikalipa shilingi milioni 1 na laki 9. Risiti? Kikaratasi cha mkono: "service + pump", jumla, saini isiyosomeka. Spea iliyotolewa sikuonyeshwa.

Siku kumi na mbili baadaye ilikuwa Jumamosi, nina harusi Kawempe. Nyuma kuna sufuria tatu za pilau, moja ya nyama, ndoo za kachumbari, wasichana wawili wamekaa wanashikilia vifuniko. Tulipofika Matugga gari likakata mwendo. Injini inawaka, gia imeingia, magurudumu hayaendi. Jua la saa sita. Simu ya upande wa bwana harusi inaita, naitazama tu. Bodaboda mmoja akatuitia pikapu ya matofali, tukahamisha chakula pembeni ya barabara, magari yanapita na vumbi lake, msichana mmoja amevua leso yake ya kichwa kufunika nyama. Tulifika saa tisa. Wageni walikuwa wameshapewa soda na mikate. Sikulipwa salio, na sikulidai, maana sikuwa na uso wa kulidai. Familia ile nimewapikia tangu ndoa ya dada yao mkubwa.

Gari likavutwa mpaka kwa mzee mmoja fundi, Bwaise, ambaye nilielekezwa na mteja wangu. Mzee huyu hakuanza kwa kunitajia bei. Aliuliza: "Mama, nani aligusa giaboksi hii mara ya mwisho?" Kisha akafungua nyuma, chini ya kiti akakuta dumu tupu la oili ambalo wale vijana wa gereji walilisahau. Akaweka kidole kwenye maandishi: ATF. Akanieleza taratibu kama anayefundisha mtoto. Hiyo ni oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki. Noah yangu ina giaboksi ya CVT, haina gia za kupandana, ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ule unashika kwa msaada wa oili yake maalumu. Ukiuwekea oili ya aina nyingine unateleza, unajikwangua, na chembe za chuma zinaingia kwenye vali. Akafungua karteli, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akanionyesha sumaku ya chini. Ilikuwa imefunikwa na tope la kijivu, zito kama uji wa mtama uliopoa. Lile tope ndilo giaboksi yangu.

Na pampu ya maji, ile niliyolipia mpya? Ilikuwa ileile ya zamani. Imepakwa gundi ya gasketi pembeni, basi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Mzee akasema, "Lakini mama, hata kama wangeweka oili sahihi, giaboksi hii imetembea sana. Karatasi zako ziko wapi?" Nikamletea bahasha niliyopewa bondi, fotokopi ambazo sikuwahi kuzisoma kwa sababu nusu yake ni Kijapani. Akatoa moja, cheti kinachotolewa Japani gari likifutwa usajili ili lisafirishwe nje. Akaipindua kwenye mwanga, akashuka mpaka kwenye kisanduku kimoja kidogo chenye namba na herufi "km" mbele yake. 171,600.

Nilikuwa na bahasha ile ndani ya nyumba yangu, kwenye droo ya kabati la vyombo, tangu siku ya kwanza.

Kilomita 171,600 ilipokuwa Japani, 78,214 ilipofika mbele yangu. Karibu laki moja zimefutwa, na mzee anasema ni kazi ya dakika chache kwa kijana mwenye kompyuta na waya wa kuchomeka chini ya usukani. Baada ya hapo akanionyesha mengine ambayo sikujua kuyatazama. Raba ya pedali ya breki imelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Taa ya erbegi, ile mifuko ya hewa inayokukinga ukigonga: ukiwasha swichi lazima iwake kidogo kisha izime. Yangu haiwaki kabisa, maana yake mtu ameikata ili nisijue kama erbegi zipo au hazipo. Matairi yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa, lakini ubavuni kuna tarakimu nne, 3211, yaani yametengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2011. Kwa matairi hayo nimebeba watoto wa watu kwenda Wobulenzi na kurudi.

Nikarudi bondi na cheti mkononi. Kijana wa soda hakunijua tena. Meneja akaniambia, "Mama, wewe ulisaini kwamba umeridhika." Nikamwonyesha namba. Akasema labda Wajapani walikosea. Nikaenda polisi, nikaambiwa hiyo ni kesi ya madai, tafuta wakili. Kwa hiyo mtu akiiba kuku wangu ni jinai, akinichukulia milioni 43 kwa namba ya uongo ni madai? Kujipatia pesa kwa ulaghai ni kosa ndani ya Kanuni ya Adhabu ya nchi hii. Kwa nini mimi ndiye niwakumbushe?

Binti ya dada yangu anasomea sheria. Yeye ndiye aliyenikalisha chini, na haya nayaandika ili mwingine asizungushwe kama mimi. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na anayetoa huduma, gereji ikiwemo, lazima aifanye kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Tuna Sheria ya Mikataba ya 2010: ukikubali kwa sababu umelaghaiwa, mkataba ule unaweza kuuvunja. Kwa hiyo ule mstari wa "ameridhika" siyo ukuta wanaoutaka uwe. Sheria hiyohiyo inataka mkataba wa zaidi ya pointi 25 za fedha, yaani shilingi laki 5, uwe wa maandishi. Nilipoambiwa hilo nilicheka kwa uchungu, maana gereji zetu zinakula mamilioni kwa neno la mdomo kila siku.

Na kwa madai yasiyozidi milioni 10 kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, upo kwenye kanuni za mwaka 2011. Unakwenda mwenyewe, mawakili hawaruhusiwi kusimama. Kwanza unampelekea mdaiwa notisi ya maandishi, unampa siku 14. Gereji nimewaandikia: milioni 1 na laki 9 yao, giaboksi, gharama ya kuvuta gari na salio la harusi, jumla milioni 7 na laki 2. Bondi ni kiasi kikubwa, hiyo inakwenda kwa hakimu mkuu, na huko nitahitaji wakili, na wakili anahitaji pesa, na pesa ziko kwenye gari lililosimama Bwaise huku mkopo wa sako unaendelea kuhesabu. Hivi ndivyo wanavyotushinda. Wanajua utachoka kabla yao.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ukweli ulikuwepo kwa maandishi tangu mwanzo. Serikali haikulala kabisa. Mwaka 2018 sheria ya barabarani ilibadilishwa, gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa lisiingie nchini. Shirika la viwango, UNBS, linataka magari yakaguliwe kule kule kabla ya kupakiwa melini. Sawa. Lakini gari likishavuka Malaba au Busia na kuingia bondi Kampala, ni nani anayesimama kati ya kijana mwenye waya na mama mwenye pesa ya kukopa? Cheti kina kilomita halisi. Lakini gari likiwa sokoni kinakaa kwenye droo ya meneja. Kwa nini kisibandikwe kwenye kioo cha mbele cha kila gari linalouzwa, kila mtu asome? Haihitaji maabara wala bajeti. Inahitaji karatasi moja na gundi, na mtu wa kuwatoza faini wasioibandika. Na gereji vilevile: waandike oili gani wameweka, spea gani wametoa, na ile ya zamani wairudishe mkononi mwa mwenye gari. Nimezunguka Kisekka, Ndeeba na Katwe nikitafuta bei ya giaboksi, na mafundi waaminifu niliokutana nao walinirudishia neno hilohilo: mteja adai spea yake ya zamani.

Naomba waliowahi kununua gari bondi waende sasa hivi kwenye bahasha zao, watafute cheti cha kutoka Japani, walinganishe namba na ya kwenye dashibodi. Mkikuta tofauti andikeni hapa, bila kutaja jina la bondi, mwaka na kilomita tu. Nataka kumwonyesha hakimu kwamba sikuokota mkosi peke yangu.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Nimesoma majibu yenu, ahsanteni. Wengi mnauliza kwa nini sikwenda na fundi siku ya kununua. Nilikwenda naye. Sikutaka kuliandika hili lakini mmenilazimisha. Ni kijana wa mtaani kwetu hapa Bombo, mama yake tunasali pamoja, nimempikia harusi yake kwa bei ya mchele tu. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akalala chini ya gari kwenye kigae cha bondi na shati lake safi. Akainuka akasema, "Mama, chukua, hili ni jipya." Nikampa laki moja na nusu ya usumbufu wake. Jana binti aliyekuwa karani pale bondi, ambaye ameacha kazi, amenitumia picha ya daftari la kamisheni za wanaoleta wateja. Tarehe ileile, Noah ya rangi ya fedha, jina la fundi wangu yule, laki 6.

Picha nimeitoa nakala tatu. Moja iko kwa binti ya dada yangu. Ya pili kesho asubuhi nampelekea mama wa fundi yule, aisome kabla sijaipeleka mahakamani.