Ushauri: Nataka kumpeleka mzee kuangalia ndege Amani na Pemba, kila sehemu siku moja. Inawezekana?

BintiWaPongwe

Habari za saa hizi wakuu.

Baba yangu ana miaka 71, mwalimu mstaafu, naishi naye hapa Tanga mjini. Tangu nikiwa mdogo ana kaunta buku yake ya jalada jekundu, anaandika kila ndege anayemwona: tarehe, alitua mti gani, analia vipi. Asiyemjua jina humchora mdomo pembeni ya ukurasa. Hajawahi hata siku moja kutoka na mtu anayewajua ndege.

Nimeweka akiba. Mwezi wa nane nataka nimpeleke msitu wa Amani, kule Muheza, siku moja na Pemba siku nyingine, twende asubuhi turudi jioni. Kuna kampuni imeniambia Pemba tunakwenda na kurudi siku hiyohiyo, na bundi wa Pemba tutamwona. Huyo bundi ndiye hasa anayemtaka. Mama yetu ni mtu wa Konde, hukohuko Pemba, na mzee anasimulia kwamba zamani akienda ukweni, usiku alisikia ndege akitoa sauti moja, akinyamaza, akirudia. Akiuliza anaambiwa ni bundi, ndege wa uchuro, funga dirisha ulale. Hajamwona mpaka leo.

Goti la kulia linamsumbua, kupanda sana hawezi. Natanguliza shukrani.

Mzawa wa Muheza

Dada, Amani kwa siku moja utafika, ila asubuhi yote itaishia barabarani. Ndege wa msituni hulia sana kuanzia kunapambazuka hadi kama saa tatu, halafu msitu unapoa. Utoke Tanga saa 11 alfajiri, ufike Muheza, uingie barabara ya vumbi, ulipie getini Sigi, upande zile kona zote; ukifika juu jua limeshawaka. Pandeni jana yake mchana, mlale kulekule Amani. Saa 12 asubuhi mzee yuko nje na kikombe chake cha chai.

Goti lisikutishe. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda miti ya nchi nyingi, na njia zao bado zipo. Ndege wengi unawaona ukiwa umesimama tu barabarani. Shida ya Amani ni shingo. Chozi wa Amani (chozi ni ndege mdogo anayefyonza maua), yule dume mwenye kichwa cheusi kinachong'aa na tumbo jeupe, hushinda kwenye vilele vya miti. Beba kiti cha kukunja chenye mgongo, mzee aegemee aangalie juu bila kuumia.

Halafu mwambie mwongozaji awatafutie ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye mimea inayotambaa. Wataalamu wanamwita *Artisornis moreaui*, jina alilopewa kwa heshima ya Reginald Moreau aliyefanya kazi hapohapo Amani. Duniani anajulikana Usambara Mashariki na sehemu moja kaskazini mwa Msumbiji, basi. Mzee wa daftari asimkose huyo.

Mpemba Asilia

Assalaam alaykum dada. Aliyekwambia utamwona bundi na kurudi siku hiyohiyo hajakutendea haki. Bundi yule ni wa usiku, huanza kulia baada ya magharibi, na wakati huo ninyi mngekuwa mmeshapanda boti ya kurudi. Isitoshe, boti za Tanga na Pemba hazisafiri kila siku.

Pemba tuna ndege wanne wasiopatikana pengine popote. Watatu ni wa mchana: ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba (kale kadogo kenye duara jeupe kuzunguka jicho). Hao wawili wa mwisho mzee atawaona hata uani, kwenye maua. Wa nne ndiye bundi.

Lakini mbona jibu unalo mwenyewe? Mna ndugu Konde, na msitu wa Ngezi uko jirani hapo. Laleni siku mbili kwa ndugu zenu. Ongea mapema na ofisi ya msitu mpate mtu wa kuingia naye jioni. Na bundi haishi Ngezi peke yake, hata kwenye mikarafuu yumo. Alichokuwa anasikia mzee wako ukweni ndicho hicho.

Darubini

Kabla hujalipa, muulize mwongozaji anatumiaje sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu. Mimi niliwahi kutoka na mmoja aliyempigia bundi sauti kwenye spika karibu nusu saa. Ndege alikuja kweli, akawa anageuka huku na huku kwenye tawi, ameinamisha kichwa, anamtafuta mwenzake aliyevamia eneo lake. Niliumia sana. Mwongozaji mzuri hupiga kidogo, huzima, husubiri. Na tochi asimmulike machoni.

Ngalawa

Kama lazima kisiwa cha siku moja, Toten kiko mbele yenu hapo ghubani. Nendeni maji yakipwa, ndege wa pwani wanashuka kwenye tope kula. Ila mwezi wa nane ndege wengi wanaohamia huku kutoka kaskazini bado hawajafika. Subirini Novemba.

BintiWaPongwe

Wakuu, nimewasoma wote, ahsanteni sana. Pemba ya siku moja nimeifuta. Amani tutalala usiku mmoja, Toten tunaisogeza Novemba, na Konde tutakaa siku tatu. Nimempigia mama mdogo, kasema chumba ni kilekile cha zamani, dirisha linatazama mikarafuu. Nilipomwambia mzee akaenda kuchukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika "Konde" juu, akapiga mstari.

Swali la mwisho: nimnunulie darubini gani? Mikono yake inatetemeka kidogo.

Darubini

Chukua 8x42, yaani inayokuza mara nane, kioo cha mbele milimita 42. Usidanganywe na 10 au 12 kwa sababu ya ukubwa, mkono ukitetemeka na picha inacheza. Na anze kuizoea nyumbani kwanza, wiki mbili kabla ya safari, kwenye kunguru na chozi wa hapo mtaani. Kumpata ndege ndani ya kioo kunataka mazoezi.