Naomba ushauri: nibebe riwaya yangu hadi maonesho ya Nairobi?

Wakuu, salaam. Nimechapisha riwaya kwa pesa yangu, nakala 300, na nyingi bado zimelala uvunguni. Uzinduzi nilioufanya hapa Dar ulinikamua: ukumbi, maji, vitafunwa. Walikuja watu 40, wakapiga picha na mimi weee, wakaondoka na nakala 11 (2 alichukua shangazi, hajalipa hadi leo). Lakini mwalimu mmoja aliyenunua siku ile alinipigia baada ya wiki mbili, akaagiza 20 za shule yake. Hilo ndilo linalonichanganya.

Sasa nashawishiwa kwenda maonesho ya vitabu ya Sarit Centre, Nairobi. Nauli, malazi, meza, bado mpakani. Mliowahi kuuza ana kwa ana, gharama ilirudi? Au nibaki na WhatsApp na bodaboda?