Wasiwasi na moyo kwenda mbio tangu nijifungue: nikate dawa ya tezi nusu?

BintiMkomani

Assalamu aleikum wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa waliotolewa tezi ya shingo kama mimi.

Nilikuwa na rovu, nikapasuliwa Mombasa, tezi yote ikatolewa. Tangu hapo naishi kwa kidonge cha levothairoksini, maikrogramu 100 kila asubuhi, na nilikaa nacho vizuri. Niliposhika mimba daktari alinipandisha hadi 150. Alhamdulillahi nilijifungua salama. Mtoto ana miezi mitatu na anyonya vizuri.

Mambo yaliharibika baada ya arobaini. Moyo wanidunda hata nikiwa nimelala. Nikishika kikombe mkono watetemeka, chai yamwagika kisahanini. Jasho lanitoka hata kusi ikivuma. Usiku mtoto akilala mimi nabaki macho, kila saa naweka kiganja kifuani mwake nione kama apumua. Mlango ukibishwa nashtuka kama nimeletewa habari ya msiba. Nala sana, na bado nguo za kabla ya mimba zanipwaya.

Mamangu asema ni jicho, ataka nikasomewe. Kliniki niliyompeleka mtoto waliniambia ni uchovu wa uzazi, wakampima uzito, basi. Mume wangu ashuku dawa. Naweza kukikata kidonge nikanywa nusu mpaka nitulie? Au niache wiki moja nione?

MamaSwaleh_Shela

Wa aleikum salaam mwanangu, pole sana. La kwanza: usiache. Mimi tezi yangu ni dhaifu lakini ipo. Yako haipo kabisa, kwa hivyo homoni yote uliyo nayo mwilini yatoka kwenye hicho kidonge. Ukiiacha, moyo utatulia kweli, kisha utaanza kuvimba uso, kuhisi baridi na kusinzia ukiwa na mtoto mikononi.

Na mamako usibishane naye. Kasomewe, aya za Mola hazina madhara, na asubuhi yake kapime damu. Hakuna kinachozuia mwengine.

Nesi_Kisiwani

Dadangu, nina maswali mawili kabla sijasema lolote. Baada ya kujifungua, kuna yeyote aliyekurudisha kwenye 100, au bado wanywa 150? Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ya wajawazito, ulikuwa ukivinywa saa ngapi na uliviacha lini?

BintiMkomani

Hakuna aliyenirudisha, bado ni 150. Vidonge vya damu nilikuwa nikinywa asubuhi pamoja na hicho cha tezi, hakuna aliyeniambia viachane. Viliisha karibu na arobaini, sikupewa vingine.

Nesi_Kisiwani

Basi naona mambo mawili yamekutana.

Mjamzito huhitaji homoni hii zaidi, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya kipimo chake cha kawaida. Ndiyo maana ulipandishwa, na daktari wako alifanya sawa. Lakini mtoto akishatoka, hitaji hilo hushuka. Kawaida mama hurudishwa kwenye kipimo cha kabla ya mimba, kisha damu hupimwa kama wiki ya 6 hivi. Kwako hatua hiyo ilirukwa. Hili huniuma sana kazini: mama akishajifungua, macho yote huhamia kwa mtoto, uzito wake, chanjo zake, na mama aliyekuja naye hapimwi hata mapigo ya moyo.

La pili ni madini ya chuma. Chuma huishika levothairoksini tumboni, sehemu yake isiingie kwenye damu. Ndiyo maana twasema viachane kwa saa 4, na vidonge vya kalsiamu vivyo hivyo. Wakati ukivinywa pamoja, huenda hukuwa ukipata 150 nzima. Vilipoisha, ikaanza kuingia yote, tena katika mwili usiobeba mimba. Tazama tarehe zako mwenyewe: vidonge vya damu vyaisha karibu na arobaini, wasiwasi waanza baada ya arobaini.

Moyo kudunda, kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, kukonda huku wala: hizo ni dalili za homoni kuzidi. Wasiwasi nao ni mmojawapo. Sisemi ndiyo jibu la hakika, damu ndiyo itakayosema.

Baba_Langoni

Shemeji, kama hali ni hiyo si akate tu nusu leo? Kungoja maabara kwa nini? Pia babangu ana propranolo za presha, zilimtuliza moyo siku hiyo hiyo. Kidonge kimoja hakidhuru.

Nesi_Kisiwani

Kaka, nia yako njema, lakini tupige hesabu. Nusu ya 150 ni 75. Kabla ya mimba alikaa sawa kwa 100. Kwa hivyo akikata nusu atashuka hadi chini ya kile kilichokuwa kikimtosha.

Tena dawa hii hutoka mwilini polepole, huchukua kama siku 7 kupungua nusu. Akipunguza leo, kesho atajihisi vilevile, atadhani haijafaa, apunguze tena. Baada ya mwezi atakuwa amezama upande wa pili. Ndiyo maana hata daktari akibadilisha kipimo huachia wiki 6 hadi 8 ndipo apime tena TSH, yaani homoni ya ubongo inayoiamuru tezi, ambayo hushuka homoni ya tezi ikizidi.

Propranolo hutumika kweli kutuliza moyo katika hali kama hii, lakini ni hatari kwa mwenye pumu, na mama huyu anyonyesha. Aipate kwa daktari aliyemsikiliza kifua.

Dadangu, nenda wiki hii, tena mapema. Omba TSH na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi iliyo kwenye damu. Damu itolewe asubuhi kabla hujanywa kidonge, halafu unywe baada ya hapo. Beba pakiti yenyewe, uwaonyeshe nyuma ya karatasi palipoandikwa maikrogramu ngapi. Za 50 na za 100 hufanana, na nimeshaona mtu akinywa sizo.

UmmuKhalid_Malindi

Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Dada, nywele zakutoka tangu ujifungue? Wengi wetu hununua vidonge vya nywele na kucha. Vingi vyao vina bayotini, aina ya vitamini, nayo huvuruga kipimo: TSH yaweza kuonekana iko chini na T4 iko juu wakati si kweli. Kama wavitumia, acha angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na umwambie daktari.

BintiMkomani

Subhanallah, ninavyo! Nilivinunua mwezi uliopita. Naviweka kando leo.

MwanaPate

Nami nitie neno. Baada ya mtoto wangu wa pili nilikuwa hivyo hivyo, naamka kumgusa pua usiku kucha. Nikapimwa tezi, ikawa sawa kabisa. Yangu ilikuwa ni wasiwasi wa uzazi wenyewe, na nao una matibabu. Kwa hivyo majibu yakija sawa, usirudi nyumbani ukaambiwe ni uchovu. Wambie yote, hata yale mawazo unayoona haya kuyataja. Na yakija mabaya, mambo yote mawili yaweza kuwapo pamoja.

Usingoje miadi ukipata maumivu ya kifua, kukatika pumzi, kuzimia, moyo kupiga ovyo bila mpango, au wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ya kukodi.

MamaSwaleh_Shela

Na mwambie mamako akushikie mtoto usiku mmoja ulale. Hilo halihitaji cheti cha daktari.

BintiMkomani

Narudi na majibu. TSH 0.03, na kawaida ya maabara ile ni 0.4 hadi 4.0. T4 iko juu. Vidonge vya nywele niliviacha mapema kama mlivyosema. Daktari alinipima moyo kwa mashine, akasema waenda mbio lakini wapiga kwa mpango. Amenirudisha 100, amenipa dawa kidogo ya kutuliza moyo inayofaa kwa anyonyeshaye, na akasema kunyonyesha niendelee, levothairoksini haina shida kwa mtoto. Alinionya nisitarajie nafuu kesho.

Mamangu alikwenda nami. Alipoambiwa ni dawa iliyozidi alimuuliza daktari mara tatu kama ana hakika, kisha akanishika mkono mpaka gatini. Jana mtoto alilala kwake.

Swali moja tu: vidonge vya damu nimepewa tena, maana damu iko chini. Nivinywe lini?

Nesi_Kisiwani

Alhamdulillahi. Cha tezi unywe ukiamka, kwa maji matupu, ukae nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa na mahamri. Cha damu weka baada ya chakula cha mchana, usikinywe na chai kwani nayo huzuia chuma.

Tarehe ya kupima tena iandike leo kwenye kadi ya mtoto, wiki 6 kuanzia siku uliyobadilishwa kipimo, maana kadi hiyo huisahau kamwe. Na Mungu akikujaalia mimba nyengine, usingoje kliniki ya miezi minne. Ukijua tu, kapime TSH wiki hiyo hiyo, kwa kuwa hitaji hupanda mapema sana na mtoto wa miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mamake.