Paka wa ndani nimwachie atoke nje au?

mama_kijani: Jamani naombeni ushauri, nina paka jike wa miezi 7 hivi, tangu mdogo anaishi ndani tu, tuko ghorofa ya pili Kariakoo, sasa siku hizi mlango ukifunguliwa kidogo anachomoka na usiku analia mpaka jirani anagonga ukuta. Nimwachie tu azurure?

Chogo: Huyo yuko kwenye joto dada, yaani anataka dume, sio hamu ya kutembea 😂 Paka jike anashika mimba hata akiwa na miezi 4, na mimba yenyewe ni kama miezi 2 tu, ukimwachia leo andaa boksi la watoto. Mpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, hizo kelele zitaisha.

Mzenji: Huku Mji Mkongwe paka wanalala barazani na kuzurura vichochoroni miaka yote, kumfungia ndani ni mambo ya kizungu bana

baba_shufaa: Mzenji, Kariakoo sio vichochoro vyenu, kuna magari na bodaboda, halafu wenye maduka wanatega sumu ya panya, paka akila panya aliyekula sumu na yeye anaondoka. Kama lazima atoke basi achanjwe kwanza kichaa cha mbwa, maana paka naye anakipata na anakuletea nyumbani. Ila mi ningemuwekea wavu dirishani aangalie kunguru, basi.

mama_kijani: Asanteni, kumbe joto! Anayemjua daktari wa kuja nyumbani aniambie, huyu kikapuni haingii, anakwaruza balaa